Kituo cha Askari Mmoja

Saa nne kasoro Koplo Gregori alivaa kofia, akamtia pingu mwizi wa betri, akamkabidhi mkewe funguo. Ndivyo alivyofanya kila alipokuwa na mtu wa kupeleka kituo kikubwa. Eufrazia alijifuta unga mikononi, akavuka uwanja uliotenganisha vyumba vyao viwili na kituo, akaketi nyuma ya kaunta.

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja cha matofali waliyofyatua wakazi wa Mbagala, mtaa wa Kwa Pazi, kwa mikono yao. Waliambiwa jengeni, askari wataletwa. Wakajenga, na mwaka tisini na moja wakaletewa askari wanne. Mwaka uliofuata mmoja alistaafu na nafasi yake haikujazwa, kwa kuwa ajira zilikuwa zimesimamishwa. Wa pili alihamishiwa mjini kulinda benki. Wa tatu aliugua akarudi kwao Singida, na jina lake likabaki kwenye orodha ya zamu ukutani mpaka mende wakaila karatasi. Kufikia mwaka tisini na nne alibaki Gregori, umri miaka arobaini na saba, magoti yakimuuma.

Sheria ilisema kituo kisifungwe mchana. Sheria hiyohiyo ilisema mtuhumiwa apelekwe kituo kikubwa ndani ya siku moja, akisindikizwa na askari. Aliyeandika hayo mawili alidhani kuna askari wawili.

Mwanzoni kazi ya Eufrazia ilikuwa kuwaambia watu wasubiri, askari yuaja. Lakini mtu aliyeibiwa sufuria hasubiri kimya. Anasimulia. Na Eufrazia alikuwa amemaliza kidato cha nne kwa masista huko Ndanda, mwandiko wake wa duara, mzuri kuutazama, na haikumwingia akilini kusikia jambo bila kuliandika. Akachukua kaunta buku ya bintiye Editha iliyobaki nusu, akaanza. Tarehe, jina, shida. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa na shida ikimtazama, alimwita na yule aliyeshtakiwa, akawakalisha wote wawili kwenye benchi moja, akawasemesha mpaka mmoja akasema basi yaishe. Gregori aliporudi alikuta benchi tupu na sakafu imefagiliwa.

Hakulalamika. Kitabu kikubwa cha taarifa, kile cha serikali chenye jalada gumu, raia haruhusiwi kukigusa. Na kila mstari ulioandikwa humo ulifungua jalada la kesi, kila jalada lilitaka safari, na kila safari Gregori aliilipia nauli mwenyewe kwa sababu Landrova ya wilaya haikuwa na mafuta. Kitabu kikubwa kikibaki cheupe, magoti yake yalipumzika. Eufrazia naye alijisifia jambo hilo kisimani na sokoni. Mtaa wetu, alisema, mwezi mzima umepita na kitabu hakina hata mistari minne.

*

Jumatatu hiyo Gregori alirudi kutoka kituo kikubwa akiwa amevua kofia njiani, na Eufrazia akajua kuna neno.

Alimweleza huku akinywa maji amesimama. Umetoka waraka. Bajeti ya jeshi la polisi imepunguzwa, askari wapya hawataajiriwa tena mwaka huu, kwa hiyo waliopo watakusanywa kwenye vituo vyenye kazi na vituo visivyo na kazi vitafungwa. Askari wa vituo vitakavyofungwa, wale waliopita miaka arobaini na mitano, wataingizwa kwenye orodha ya kupunguzwa. Alhamisi anakuja mkaguzi, Afande Audax.

"Watajuaje kituo kipi kina kazi na kipi hakina?" Eufrazia aliuliza.

"Wanahesabu mistari ya kitabu."

Walikwenda wote wawili kukitazama, ingawa hakuna aliyehitaji kutazama. Tangu Januari hadi Juni, matukio kumi na tisa. Kituo cha mtaa wa jirani, Gregori alisema, kilikuwa na mia tatu na ushee, na askari wake wawili walikuwa hawatoki kaunta, wanaandika tu.

Eufrazia alitoa kaunta buku chini ya kaunta. Sasa zilikuwa mbili, ya pili imefika katikati. Hakuzihesabu, aliziweka tu juu ya kitabu kikubwa. Jogoo wa Mzee Polikarpo. Ugomvi wa mpaka wa choo. Mpangaji aliyefungiwa mlango. Watoto waliorushiana mawe, kichwa kimoja kikapasuka. Mabati. Baiskeli. Mabati tena.

"Nimekufanyia kazi," alisema, "mpaka ikaonekana huna kazi."

Gregori hakucheka. Alikwenda kufunga mlango, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba madaftari hayo lazima yachomwe, leo hii, kwenye jiko lake mwenyewe. Afande akijua raia alikuwa anakaa kaunta akisikiliza kesi, hapo si kupunguzwa tena. Aliyepunguzwa anapewa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri. Aliyefukuzwa hupewa muda wa kuvua sare tu.

"Na tukiyachoma, kituo kinafungwa."

"Kinafungwa."

"Halafu wewe unapunguzwa."

"Napunguzwa, lakini na kiinua mgongo. Mama Editha, tutarudi Ndanda tukanunue cherehani."

Eufrazia alimtazama mume huyu aliyekuwa anazungumza juu ya cherehani wakati hakuna mtu nyumbani mwao anayejua kushona. Alisema sawa. Akayabeba madaftari nyumbani, akawasha jiko, na aliposikia Gregori ameingia kuoga akayazika ndani ya debe la unga, akapika ugali kama kawaida. Hakuwa ameamua lolote. Ni kwamba mkono wake haukukubali kuchoma kitu alichokiandika vizuri.

*

Jumatano Gregori alitakiwa kituo kikubwa kupokea maelekezo ya ukaguzi. Eufrazia aliketi kaunta akiwa amejiapiza hatasikiliza jambo la mtu. Aliwarudisha watu watatu kabla ya saa tano. Wa mwisho, muuza mitumba, alimuuliza kama siku hizi hata yeye amepanda cheo.

Kisha akaingia Bi Tabu, mwenye nyumba wao, mwanamke wa Kizaramo mwenye mwili na maneno, akiwa amemshika bintiye Munira kiunoni. Munira alikuwa ameufunga mkono wa kushoto kwa kanga shingoni. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Shikamoo, Bi Tabu."

"Marahaba. Mwanangu, tuandikie PF3. Hospitali wameturudisha. Wanasema bila karatasi ya polisi hawamgusi."

Eufrazia hakuhitaji kuuliza ni nani. Farhan, mume wa Munira, alikuwa na bucha pale njia panda, na alikwisha kukaa kwenye benchi lile mara mbili. Mara ya kwanza Februari, jino. Mara ya pili Mei, mbavu. Zote mbili Eufrazia aliwakalisha pamoja, na Bi Tabu mwenyewe alikuwepo, akimsihi bintiye amsamehe mumewe kwa sababu ya watoto. Mara zote mbili Farhan aliinamisha kichwa akaahidi. Mara ya pili jioni yake alileta kituoni maini nusu kilo, yamefungwa kwenye gazeti, kumshukuru mama kwa busara. Eufrazia aliyapokea, akayakaanga kwa vitunguu. Editha alisema hajawahi kula maini laini kama yale.

Sasa aliutazama mkono wa Munira na ladha ile ikamrudi mdomoni.

"Koplo hayupo," alisema. "Mie si askari, Bi Tabu. Siwezi kutia sahihi."

"Siku zote ulikuwa unaweza."

"Nilikuwa napatanisha. Hii ni karatasi ya serikali."

Munira alikaa kwenye benchi mahali palepale alipokalishwa Februari na Mei. Alisema Farhan amempiga kwa mpini wa shoka, na amekwisha kuwaambia watu dukani kwamba ni bahati mbaya, mke ameteleza kwenye damu ya ng'ombe, na kwamba tangu waoane hajawahi kumnyanyulia mkono. Tena alikuwa anasema kwa nguvu, akiwaambia watu waende polisi wakaulize kama jina lake limo kwenye kitabu.

"Lakini limo," Munira alisema. "Si uliliandika, mama? Nilikuona ukiandika."

Eufrazia alikuwa ameliandika, lakini kwenye kaunta buku. Bi Tabu alisema, akitazama sakafu, "Mie ndiye niliyemrudisha. Mara mbili, kwa miguu yangu."

Kutoka pale hadi kituo kikubwa kulikuwa na saa nzima, na saa nyingine ya kurudi na karatasi hospitali, kama wangemkuta mwenye zamu na kama angekuwa na fomu. Vidole vya Munira vilikuwa vimeanza kuvimba na kuwa na weusi.

Eufrazia alifungua droo. Zilikuwa zimebaki fomu tatu. Alivuta kitabu kikubwa, akakifungua ukurasa wa mwisho, chini ya mistari iliyolala ya Gregori, akaandika kwa herufi zake za duara: tarehe, saa, Munira binti Marijani, kupigwa kwa mpini wa shoka na mumewe, mkono wa kushoto umevunjika. Kisha, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuanza, aliongeza kwamba mlalamikaji aliwahi kufika na malalamiko kama hayo Februari na Mei. Akaijaza fomu, akapiga muhuri, akatia sahihi kwa niaba ya Koplo. Muhuri ulikuwa na wino hafifu. Aliupiga mara mbili.

"Nendeni," alisema. "Na wakiuliza, semeni mlimkuta askari."

*

Gregori alirudi saa kumi. Aliona wino mbichi kabla hajakaa. Alisoma mstari ule mara moja, akaurudia, kisha akafunga kitabu taratibu kama mtu anayefunika maiti.

"Ungeningoja."

"Mkono ungeningoja?"

"Mama Editha, kuchana ukurasa siwezi, kurasa zina namba. Kufuta siwezi. Umeniua kwa kalamu."

Alimkumbusha mambo ambayo alikuwa anayajua. Kwamba hii ni kughushi hati ya serikali. Kwamba Editha yuko kidato cha pili. Kwamba yeye Gregori ametumikia miaka ishirini na minne bila doa, isipokuwa kofia aliyoipoteza Songea. Eufrazia alimsikiliza mpaka mwisho. Angeweza kumkumbusha kwamba ni yeye aliyempa funguo, miaka miwili sasa, lakini alimtazama alivyokuwa anakanda magoti akaliacha. Alimwambia tu kwamba madaftari hakuyachoma.

Gregori aliinua macho. Alionekana amechoka mno hata asiweze kukasirika.

"Yako wapi?"

"Kwenye unga."

"Basi kesho tule wali," alisema, na ndiyo mzaha pekee aliofanya wiki ile.

*

Afande Audax alikuwa Mhaya mrefu, mkavu, viatu vimejaa vumbi kwa sababu gari lake liliishiwa mafuta barabarani Kilwa Road akamalizia kwa miguu. Alikuwa na mkoba wa karatasi na hali ya mtu anayetaka kumaliza vituo vitatu kabla ya chakula. Alikataa soda. Aliuliza idadi ya askari waliopo, Gregori akajibu mmoja, afande. Aliuliza idadi ya askari wanaotakiwa, Gregori akajibu wanne. Aliandika. Aliuliza matukio kwa miezi sita.

Eufrazia alikuwa amesimama mlangoni kwa nje, kitambaa cha meza kimekunjwa mikononi, kana kwamba anasubiri kuitwa kutandika. Bi Tabu alikuwa ukingoni mwa uwanja na wanawake wengine wanne watano, wamekaa kwenye mikeka wakijifanya wanachambua mchele.

"Kumi na tisa," alisema Afande Audax akifunua. "Na ishirini na huu. Koplo, mtaa una watu elfu sita, wewe una matukio ishirini. Ama hawa ni malaika, ama wewe umelala." Kisha kidole chake kikasimama. "Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu, afande."

Afande alimsogezea karatasi tupu na kalamu, akamwambia aandike Munira binti Marijani. Gregori aliandika. Herufi zililala kama nyasi zilizopigwa na upepo. Afande aliziweka kando ya zile za duara. Jasho lilimtoka Gregori kwenye ncha ya pua, likadondokea karatasi.

Eufrazia aliingia. Madaftari yalikuwa ndani ya kile kitambaa, na unga ulimwagika kidogo alipoyaweka kaunta.

"Wangu," alisema. "Na haya pia ni yangu, afande. Yeye akienda kupeleka watu huko kwenu, mimi ndiye nakaa hapa. Angekuwepo wa pili nisingekaa. Niliambiwa niyachome nikakataa."

Afande Audax alipangusa unga, akaketi kwenye benchi la walalamikaji kwa kuwa ndipo palipokuwa na mwanga, akasoma. Alisoma kwa muda mrefu. Kwenye jogoo wa Mzee Polikarpo, aliyeletwa kituoni kama shahidi ili aonyeshe nyumba anayoijua, alicheka puani. Kwenye Februari alisimama, kwenye Mei alisimama tena, akalinganisha na kitabu kikubwa. Mchele wa uwanjani ulikuwa umekwisha kuchambuliwa mara tatu.

"Mama, hii ni mia mbili na arobaini na moja," alisema mwishowe. "Kwa nini hukujiunga na jeshi?"

Eufrazia alimweleza kwamba alijaribu, mwaka sabini na tatu, kule Mtwara. Walimpima kimo ukutani, ikapungua inchi moja.

"Inchi moja," alisema Afande.

"Siku hiyo nilivua viatu. Wenzangu hawakuvua."

Afande alikusanya karatasi zake. Alizungumza na Eufrazia peke yake, kana kwamba Gregori alikuwa kabati. Alimwambia kwamba madaftari anayachukua, ni ushahidi. Kwamba kituo hiki pengine hakitafungwa. Kwamba yeye hawezi kujifanya hakuona alichokiona. Na kwamba yale mambo mia mbili, kama yangeandikwa yote panapostahili, kituo kingekuwa na askari wanne, na binti yule angekuwa na mkono mzima.

"Ulifikiri unaisaidia serikali," alisema. "Serikali haijui kitu ambacho hakijaandikwa."

Aliondoka kwa miguu. Eufrazia alisimama pale pale mpaka Gregori alipomwambia unga umemwagika, ufagiwe, usije ukaleta sisimizi.

*

Barua ilikuja baada ya wiki tano. Kituo cha Kwa Pazi kitaendelea kuwepo. Askari watatu watapangwa hapo mara bajeti itakaporuhusu. Koplo Gregori ameshushwa cheo kuwa konstebo, anarudishwa kituo kikubwa kulinda geti, na mashtaka yake ya kinidhamu yataendelea kusikilizwa. Na kwa kuwa mwenye mashtaka halipwi kiinua mgongo, na asiyelipwa kiinua mgongo hawezi kupunguzwa, jina lake limeondolewa kwenye orodha ya kupunguzwa mpaka mashtaka yaishe. Karani aliyempa barua alimshauri asiyaharakishe.

Kwa hiyo alibaki na kazi, mshahara umepungua, kila asubuhi akitoka gizani na kurudi gizani. Nyumbani hakuzungumza sana. Siku alipobandua utepe wa ukoplo kwenye sare, Eufrazia alitaka kumsaidia kuchomoa nyuzi, akasema ataweza mwenyewe, akachukua saa nzima.

Mlango wa kituo ulitiwa kufuli. Kibao kiliachwa. Farhan alikamatwa na askari wa kituo kikubwa, akapandishwa mahakamani, akasema ni mara ya kwanza, hakimu akasomewa Februari na Mei. Munira alihamia kwa mama yake na mkono ulioungana ukiwa umepinda kidogo, na kila alipomwona Eufrazia alimsalimia vizuri tu, jambo lililomuuma Eufrazia kuliko kama angempita bila salamu.

Watu waliendelea kuja. Sasa walikuja moja kwa moja mlangoni kwake, wakakaa kwenye ngazi, kwa sababu benchi lilikuwa limefungiwa ndani. Mzee Polikarpo alikuja kwa jogoo yuleyule. Alisema kufuli la serikali halimhusu, yeye amemfuata mama, ampatanishie kama zamani.

Eufrazia aliwatazama, akaingia ndani, akatoka na kaunta buku mpya na kalamu.

"Naandika majina," alisema. "Kupatanisha sipatanishi tena. Jumatatu saa mbili mje hapa, kila mtu na nauli yake. Asiye na nauli, tutatembea naye."

Mzee Polikarpo aliuliza kama kweli mtu aende hadi kituo kikubwa kwa ajili ya jogoo.

"Jogoo ni mstari mmoja," alisema Eufrazia.

Jumatatu ya kwanza walikwenda sita. Jumatatu ya pili tisa. Jumatatu ya tatu alifika getini akiwa mbele, kanga ameifunga kiunoni, nyuma yake foleni yenye wazee, mama mwenye mtoto mgongoni, muuza mitumba na Mzee Polikarpo na jogoo wake kapuni. Konstebo Gregori alikuwa amesimama zamu. Hawakuwa wamesemeshana tangu jana jioni.

"Wangapi leo?" aliuliza, akitazama mbele kama askari wa geti anavyotakiwa.

"Kumi na wanne."

Geti dogo la waenda kwa miguu lilikuwa wazi, na lingewatosha. Gregori alilitazama, akalisogelea lile kubwa la magari, akainua komeo, akalisukuma mpaka mwisho, magoti yakilia.

Kwenye kaunta, sajenti wa zamu alipowaona alishusha kalamu, akafuta uso kwa viganja vyote viwili. Alisema, mama, wewe tena. Alisema hapa tuko watatu tu, mwenzetu mmoja anaumwa, na nyie Mbagala si mna kituo chenu.

"Tunacho," alisema Eufrazia. Alifungua daftari juu ya kaunta, akaligeuza ili sajenti alisome, akaweka kidole kwenye jina la kwanza. "Andika."